Ngwe ya kompyuta iliyokaa bure

Jina la Kiingereza la kukokotoa kwa kompyuta za watu zilizokaa bure lilitungwa na Mfilipino. Luis Sarmenta, alipokuwa akisomea shahada ya uzamivu katika chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1990, alibuni mfumo wa kuzikusanya kompyuta za watu wasiojuana zifanye hesabu moja kubwa kwa pamoja. Mfumo huo akauita Bayanihan. Kwao Ufilipino, bayanihan ni kazi ya kijiji: jirani akihama, wanaume hupitisha mianzi mirefu chini ya nyumba yake ya miti na makuti, wakaiinua nzima nzima na kuipeleka begani hadi kiwanja kipya. Istilahi ya Kiingereza aliyoiunda kueleza mbinu hiyo ndiyo iliyoenea, na anayeitafsiri neno kwa neno atapata "ukokotoaji wa kujitolea".

Sina ugomvi na nusu ya kwanza. Kukokotoa ni kutafuta jibu la hesabu hatua kwa hatua, na hiyo ndiyo kazi ya kompyuta hata inapoonyesha sinema. Bahati mbaya tu kwamba Tanzania, tangu mzozo wa mwaka 2018, kikokotoo kimekuwa jina la fomula ya mafao ya wastaafu, na ukilitamka mbele ya mwalimu aliyebakiza miaka miwili kustaafu, mazungumzo yanaweza kuchukua mkondo mwingine kabisa. Neno lenyewe halina kosa. Ugomvi wangu uko kwenye kujitolea, lakini hauwezi kueleweka kabla ya kuliona jambo lenyewe linavyokwenda.

Mradi uliolitia jambo hili midomoni mwa watu ni SETI@home, uliozinduliwa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, tarehe 17 Mei 1999. Watafiti wake walikuwa wakisaka ishara za redio kutoka kwa viumbe wenye akili nje ya dunia. Hawakuwa na darubini yao. Walidandia ile ya Arecibo, Puerto Rico, yenye sahani ya upana wa mita 305: wanaastronomia wengine walipokuwa wakiielekeza watakako, kipokezi cha SETI kilisikiliza popote ilipoelekea, karibu na masafa ya megahezi 1420 ambako hidrojeni hutoa mawimbi yake. Kilichosikika kilirekodiwa kwenye tepu, na kwa kuwa intaneti ya Arecibo enzi hizo haikuweza kubeba mzigo huo, tepu zilitiwa kwenye maboksi na kupelekwa Berkeley kwa posta. Huko zikakatwakatwa vipande vya sekunde 107 hivi, kila kimoja kama kilobaiti 350, na kila kipande kikatumwa kwenye kompyuta ya mtu fulani mahali fulani duniani.

Mtu huyo alikuwa ameweka programu ndogo. Akiinuka kwenda kula, programu inaamka, inakitafuna kipande chake na kuonyesha michoro ya rangi kwenye skrini. Akirudi na kugusa kipanya, inampisha. Kazi ikiisha, jibu linarudi Berkeley na kipande kingine kinakuja. Zaidi ya watu milioni 5 walishiriki katika maisha ya mradi. Ishara ya viumbe hao haikuthibitishwa, ugawaji wa kazi ukasimamishwa tarehe 31 Machi 2020, na Desemba mwaka huohuo darubini ya Arecibo ikaporomoka. Lakini mradi uliacha urithi. Mmoja wa waasisi wake, David Anderson, alianza mwaka 2002 kujenga BOINC, programu ya bure ambayo mtafiti yeyote angeweza kuitumia kugawa kazi yake kwa watu, na mtu mmoja akaweza kuhudumia miradi kadhaa kwa kompyuta moja.

Kipande kile cha sekunde 107 kinahitaji jina, na hapa Kiswahili hakina haja ya kukopa. Wakulima wamelijua tangu zamani: ngwe. Ni sehemu ya shamba iliyopimwa akapewa mtu mmoja ailime, akimaliza ahesabiwe amemaliza. Ngwe ina mpaka, ina mwenyewe, na haimngoji jirani. Sifa hizo tatu ndizo zinazotakiwa na hesabu ya namna hii. Kompyuta iliyoko Osaka haina njia ya kuongea na iliyoko Oslo kila baada ya sehemu ya sekunde, kwa hiyo kazi isiyoweza kukatwa ngwe zinazojitegemea haifai hapa. Utabiri wa mvua ya kesho, ambamo kila kona ya anga inasubiri jibu la kona ya pili, hubaki kwa kompyuta kuu zilizofungwa pamoja katika jengo moja.

Chuo Kikuu cha Oxford, hata hivyo, kilipata mlango wa pembeni. Mradi wake wa climateprediction.net, ulioanza mwaka 2003, haukuikata dunia vipande. Ulimpa kila mshiriki dunia nzima, yaani modeli kamili ya tabianchi, huku namba chache za ndani, kwa mfano zinazohusu mawingu, zikibadilishwa kidogo kutoka kompyuta hadi kompyuta. Mwaka 2005 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya modeli zaidi ya 2,000 za aina hiyo: hewaukaa ikiongezeka maradufu, joto la dunia liliongezeka kwa chini ya nyuzi 2 katika baadhi yake na zaidi ya nyuzi 11 katika nyingine. Mashaka yenyewe yalikuwa yamepimwa.

Ngwe ina mnyapara. Seva ya mradi huiwekea tarehe ya mwisho, na ikicheleweshwa humpa mwingine. Kwa kuwa mnyapara hawezi kumwamini kila mtu (kompyuta zilizopata joto kupita kiasi hukosea, na walikuwapo waliotuma majibu ya uongo ili wapande kwenye orodha ya pointi wanazopewa washiriki), miradi mingi hutuma ngwe ileile kwa kompyuta mbili zisizojuana na kulinganisha. Majibu yakipishana, huitwa ya tatu. Utaratibu huo ulizaa matunda ya kupendeza mwaka 2010, pale mradi wa Einstein@Home ulipotangaza nyota ya nyutroni iliyokuwa haijulikani, ikizunguka karibu mara 41 kwa sekunde. Kompyuta zilizoinasa zilikuwa mbili: ya wanandoa wa jimbo la Iowa, Marekani, na ya Mjerumani wa Mainz. Hakuna kati yao aliyekuwa ametazama angani.

Hapo ndipo kujitolea kunapoanza kunisumbua. Anayejitolea, kwa Kiswahili, anatoa nafsi yake: nguvu, muda, wakati mwingine uhai. Wapo watu wanaojitolea kwa sayansi kwa maana hiyo hasa. Kuanzia mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walitega kamera 225 katika Serengeti, zikienea eneo la kilomita za mraba 1,125, na picha zilizopigwa zikawekwa mtandaoni ili watu wazitambue wanyama waliomo. Watu zaidi ya 28,000 walikaa chini, picha baada ya picha, wakisema huyu nyumbu, huyu pofu, hapa hakuna kitu ila majani yametikiswa na upepo. Hao wametoa macho yao na subira yao. Wale wa Iowa walitoa mashine. Tukiwaita wote wanaojitolea, tutakuwa tumeziunganisha shughuli mbili ambazo wahusika wenyewe wanazitenga, na siku mwandishi atakapozihitaji zote katika aya moja atakwama.

"Ukokotoaji wa hiari" una utetezi mzuri zaidi. Wahalifu wa mtandaoni wanaoingiza programu za siri katika kompyuta za watu na kuzifanyisha kazi ya kuchimba sarafu za kidijitali wanatumia mbinu ileile, ngwe kwa ngwe. Kinachowatenganisha na Berkeley ni ridhaa tu. Hiari inalinda ridhaa hiyo. Lakini haisemi kwamba kuna kinachotolewa. Somo la hiari ni lile unaloweza kuliacha.

Nimesikia pia hoja ya kurudi kwenye kazi za kijiji, kama alivyofanya Sarmenta. Ujima? Katika ujima leo tunalima kwangu, kesho kwako, ilhali aliyeipa SETI kompyuta yake hakutarajia wanaastronomia waje kumfanyia hesabu za duka. Msaragambo wa Upareni na Usambaani uko karibu zaidi, kwa sababu barabara inayolimwa ni ya wote. Ila msaragambo una faini kwa mtoro, na hiari tuliyokuwa tukiilinda inaponyoka. Harambee imeshachukuliwa na fedha na wanasiasa.

Neno ninalolitaka limo hospitalini. Tunasema kuchangia damu. Mchangia damu hafanyi kazi; anakaa, anatoa sehemu ya kile ambacho mwili wake unacho, kinakwenda kwa mtu asiyemjua, na hakuna aliyemburuta. Kinachochanganywa ni vidogo vingi hadi kitoshe. Kwa hiyo ukokotoaji wa mchango, na mhusika ni mchangia kompyuta. Najua michango ya shule na ya sherehe imelichosha neno hilo masikioni mwa wazazi, lakini kwenye damu limebaki safi, na istilahi inaweza kuegemea matumizi yaliyo hai.

Na mchango huu umewahi kugusa kwetu. Taasisi ya Uswisi ya Tiba ya Kitropiki, Basel, ambayo uhusiano wake na Ifakara unaanzia kwenye maabara iliyofunguliwa huko mwaka 1957, iliendesha mradi wa malariacontrol.net hadi 2016. Kila ngwe ilikuwa jamii ya kubuni ndani ya kompyuta: watu wanaumwa na mbu, wanaambukizwa, wanajenga kinga, wanatibiwa au hawatibiwi. Jamii hiyo ilikokotolewa tena na tena kwa namba tofauti hadi ifanane na takwimu zilizokusanywa katika vijiji halisi, vikiwamo Namawala na Idete vya bonde la Kilombero. Kisha ndipo iulizwe nini kingetokea kukiwa na vyandarua zaidi, dawa nyingine au chanjo. Hesabu ya malaria ya Kilombero ilikuwa ikifanyika katika vyumba vya watu wa Ulaya na Marekani wasiojua Kilombero iko wapi.

Mfano wa damu unapwaya mahali pamoja. Damu hurudi yenyewe, umeme haurudi. Mwaka 1999 kompyuta iliyowashwa na kukaa bure ilikula umeme karibu sawa na inayofanya kazi, na hoja ya kutumia kinachopotea ilisimama vizuri. Prosesa za siku hizi zikikosa kazi hujipunguza mwendo, na ukizipa ngwe hupanda, joto linapanda, feni inaanza kulia. Mwenye mita ya LUKU Dodoma au ya tokeni Nairobi ataziona yuniti zinavyoshuka. BOINC humruhusu kuweka saa za kazi na sehemu ya prosesa itakayotumika, na mchangiaji wa kwetu afanye hivyo siku ya kwanza, kabla ya kuvutiwa na pointi.

Kwa simu za Android, ambazo BOINC ilizifikia mwaka 2013, masharti yamewekwa tayari: iwe imechomekwa kwenye chaji, betri iwe imevuka asilimia 90, na mawasiliano yapite kwenye Wi-Fi. Hilo la mwisho lisibadilishwe na anayenunua bando. Kwenye kompyuta pia, ngwe za tabianchi hasa huwa na majibu mazito ya kupakia, na mwenye kuyapitisha kwenye data ya simu atakuwa anachangia kampuni ya simu.