Isaac Juma katika tarehe ya Ingwe

Mwaka 1964 timu ndogondogo za soka za Waluhya ziliungana zikawa Abaluhya United. Mwaka 1980, serikali ya Kenya ilipopiga marufuku majina ya kikabila katika michezo, klabu ikawa AFC Leopards, ambayo wenyewe huiita Ingwe, yaani chui. Kuanzia 1982 hadi 1984 ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, na mapenzi ya vijana wengi wa Magharibi mwa Kenya kwa klabu hiyo yalikomaa miaka hiyo. Isaac Juma, mwana wa Mumias, alikuwa wa kizazi hicho.

Kazi yake ilikuwa kuuza magazeti. Siku ya mechi alijipaka rangi mwili mzima, kuanzia usoni hadi miguuni, akaingia uwanjani akicheza. Ingwe ikicheza, alikuwa upande wa Ingwe. Harambee Stars, timu ya taifa, wakiingia, rangi zilikuwa za bendera: nyeusi, nyekundu, kijani na nyeupe. Wapiga picha walimfuata yeye kama walivyofuata mpira, na magazeti ya aina ile aliyoyauza yakawa yanatoka na picha yake. Wapo wachezaji wa taifa ambao sura zao Wakenya hawakuzijua kama walivyoijua ya Juma.

Heshima yangu kwake inatokana hasa na miaka ya kiangazi. Ubingwa wa ligi ulikuja 1998, kisha ukakatika. Klabu iliandamwa na madeni na mivutano ya uongozi, ikashuka daraja, ikarejea ligi kuu 2009. Ilishinda kombe la Shield 2013 na 2017, lakini ligi ilikuwa ya Gor Mahia, watani wao wanaowaita shemeji, mwaka baada ya mwaka. Kukaa jukwaani katika uwanja wa Nyayo miaka hiyo, ngoma ya isikuti ikilia na timu imeshafungwa, kulitaka moyo. Juma aliendelea kuja. Shabiki wa namna hii ndiye aliyeibakisha klabu hai wakati viongozi walipokuwa wakigombania ofisi, nami nasema hivyo bila kusita.

Usiku wa Januari 26, 2022, Juma aliuawa nyumbani kwake, Mumias Mashariki, kaunti ya Kakamega. Mzozo wa ardhi ulitajwa kuwa chanzo. Mtu aliyefurahisha viwanja vizima akakatwa uhai katika boma lake mwenyewe, na nchi ikamlilia, hata waliokuwa hawajawahi kuishangilia Ingwe. Mwezi uliofuata FIFA iliifungia Kenya baada ya serikali kuingilia shirikisho la soka, na kufungiwa huko ndiko kunakokumbukwa zaidi watu wanapoutaja mwaka ule katika soka. Atakayeandika tarehe ya Ingwe akifika 2022, aanze na kifo cha Juma. FIFA na msimamo wa ligi vitafuata.