Shaba Inatoka Kwetu, Waya wa Uongo Unarudi Kwetu



Wengi wetu tunafanya kazi ndani ya biro, benki, hospitali au shule. Asubuhi tunachomeka kompyuta kwenye prizi ya ukutani, na mtandao ukikatika tunailaumu kampuni ya intaneti. Kazi yangu mimi ni ile prizi yenyewe. Navuta kable darini, nafunga nyaya zake, napima, naandika matokeo. Miaka hii yote ya kufungua kuta za Likasi imenionyesha kwamba mara nyingi kampuni ya intaneti haina kosa. Kosa liko ukutani, na lina historia yake. Leo nataka niwasimulie historia hiyo, sababu inatuhusu sisi watu wa Likasi kuliko wengi.

1. SHABA ILIYOONDOKA

Tuanze na yale tunayoyajua. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka wa 1906. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910. Mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikayeyushwa pale, na mwaka wa 1913 reli ikafika Kambove, mlangoni kwetu. Mji wetu wakaupa jina la bwana mkubwa wa kampuni, Jean Jadot: ukawa Jadotville, mpaka mwaka wa 1966 jina la Likasi liliporudi.

Mwaka wa 1929 kiwanda cha Shituru kilianza kazi ya elektrolisi. Shaba inayeyushwa ndani ya asidi, kisha umeme unaivuta ikajishike kwenye bamba, safi. Usafi huo si urembo. Uchafu kidogo tu ndani ya shaba unaufanya umeme upite kwa shida. Waya unaobeba sauti ya mtu au barua ya kompyuta unataka shaba safi kabisa. Dunia ilipokuwa inatandaza simu, shaba ya Katanga ilikuwa inapanda treni na meli kwenda kusafishwa zaidi Ubelgiji, kule Hoboken na Olen, halafu igeuzwe waya. Kwa hiyo baba zetu wa Shituru na Panda walikuwa mafundi wa simu za dunia, hata kama wengi wao hawakuwa na simu nyumbani.

Hapa kwetu, simu za waya zilikuwa mali ya posta, ya reli na ya kampuni. Kampuni ndiyo iliyojenga nyumba, na kampuni ndiyo iliyojua waya gani unapita wapi. Ujuzi huo ulikaa ndani ya makaratasi ya kampuni na ndani ya vichwa vya wafanyakazi wake. Mshike hilo, tutalirudia.

2. WAYA ULIOCHIMBULIWA

Mwaka wa 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, ukaporomoka. Mwaka wa 1991 ukaja uporaji mkubwa katika nchi nzima. Kufika mwaka wa 1994 Gécamines ilikuwa imeshuka hadi kama tani 30,000 hivi.

Katikati ya anguko hilo, mwaka wa 1992 na 1993, wandugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa. Maelfu walilala kwenye gare ya Likasi wakingoja treni. Ni jeraha la mji wetu, na sitalipita kama sikuliona. Kati yao kulikuwa na wafanyakazi wa Gécamines na wa reli, na walimu, watu wa miaka mingi kazini. Walipopanda treni, walichokijua wakapanda nacho.

Halafu ikaja njaa, na njaa ikaleta mitraye, yaani biashara ya vyuma chakavu. Mtu aliyekosa mshahara miezi na miezi aliona kable ya shaba udongoni kama mfuko wa bunga uliofukiwa. Ikachimbuliwa, plastiki ikachomwa, shaba ikapimwa kwa kilo na kuuzwa. Shaba iliyotoka kwetu kama bamba na kurudi kama waya, ikaondoka mara ya pili.

Kwa hiyo Celtel mwaka wa 2000 na Vodacom mwaka wa 2002 walipoleta simu za mkononi, tuliruka. Kutoka simu ya waya iliyokufa tukaingia moja kwa moja kwenye simu ya hewani. Tulishukuru, na tulikuwa na haki ya kushukuru. Lakini kwenye kuruka kuna kitu tulikiacha katikati: ufundi wa kutandaza waya ndani ya nyumba.

3. WENGINE WALIKUWA WANAFANYA NINI WAKATI ULE?

Mwaka wa 1881 Alexander Graham Bell alipata hataza ya kusokota nyaya mbili za simu pamoja. Hesabu yake ni nyepesi. Kelele za umeme wa jirani zikigonga nyaya mbili zilizosokotwa, zinazigonga zote mbili sawasawa, na upande wa pili zinafutana. Nyaya mbili, jozi moja. Kable ya mtandao ya leo ina jozi nne: ya bluu, ya rangi ya chungwa, ya kijani na ya kahawia, kila moja na msokoto wa kipimo chake ili zisisikilizane.

Miaka ya 1980 kila mtengenezaji wa kompyuta alitaka kable yake mwenyewe. Ukibadilisha mashine, unabomoa ukuta. Kule Marekani kampuni ya AT&T ilivunjwa tarehe 1 Januari 1984, na swali la nani ana jukumu juu ya nyaya za ndani ya jengo likawa la haraka. Mwaka wa 1990 ikatoka kanuni ya Ethernet inayopita kwenye jozi zilizosokotwa. Julai 1991 ikatoka EIA/TIA-568, kanuni ya kwanza ya kutandaza kable ndani ya majengo bila kujali mashine ni ya nani. Mwaka wa 1995 ikafuata ya kimataifa, ISO/IEC 11801.

Angalieni ile tarehe: 1991. Mwaka dunia ilipokubaliana namna ya kuweka waya ukutani, sisi tulikuwa kwenye uporaji. Njo maana majengo yetu mengi hayana mabomba ya kupitishia kable, wala chumba cha kuweka paneli. Kijana anayefunga mtandao leo hakuwa na mukubwa wa kumfundisha. Amejifunza kwa kuangalia mwenzake.

4. TAA ZINAWAKA, LAKINI...

Kuna biro moja hapa mjini, jina nitaliacha, waliniita sababu kompyuta zao zilikuwa zinatambaa. Aliyefunga alikuja na kile kifaa kidogo cha taa nane. Akakichomeka: moja, mbili, tatu, mpaka nane. Akaniambia: "Lakini mataa yote inawaka, papa. Unatafuta nini tena?"

Swali lake ni la haki, na jibu ndilo kiini cha ufundi huu. Zile taa zinasema tu kwamba waya namba moja umefika kwenye namba moja. Hazisemi kama waya umefika pamoja na mwenzake. Ukipanga rangi vibaya kwa namna ileile pande zote mbili, taa zitawaka zote, lakini nyaya mbili zinazobeba ujumbe mmoja zitakuwa zimetoka kwenye jozi mbili tofauti. Bell wa 1881 umemtupa dirishani. Kila jozi inasikia mazungumzo ya jirani yake, na kompyuta inabaki kurudia ujumbe uleule mara kumi.

Kipimo cha kweli kinaangalia mambo mengine pia. Kinaangalia urefu: kable ya ukutani isipite mita 90, na nyaya za kuchomeka za pande zote mbili zisipite mita 10 kwa jumla. Kinaangalia nguvu inayopotea njiani, na kelele kati ya jozi na jozi. Mikono nayo ina sheria zake: usifumue msokoto zaidi ya milimita 13 unapofunga prizi, usikunje kable kama kamba ya mbuzi, usiivute kwa nguvu zote, usiilaze sambamba na waya wa umeme.

5. WAYA WA UONGO

Sasa tufike kwenye kinachoniuma.

Ndani ya magazini zetu kuna maboksi ya kable ya mita 305, bei nzuri, rangi nzuri. Kata kipande, kwangua waya kwa kisu. Juu ni nyekundu, ndani nyeupe. Ni alumini iliyopakwa ngozi ya shaba. Kanuni za kimataifa haziikubali kwa kazi hii. Inaupinga umeme kuliko shaba kwa nusu na zaidi. Ukiikunja mara chache inakatika. Ukipitisha umeme wa kamera au simu ya mezani ndani yake, inapata moto kuliko inavyotakiwa.

Mwaka wa 2024 nchi yetu ilihesabiwa ya pili duniani kwa kutoa shaba, nyuma ya Chile. Shituru iko pale pale. Na hapa, kilomita chache kutoka kwenye bamba za shaba safi, tunamfungia mama wa dispensari waya wa alumini na kumwambia ni shaba. Siwezi kulizoea hilo.

Kuitambua si lazima uwe na mashine ya maelfu ya dola. Kisu kinatosha. Mizani inatosha pia: alumini haifiki hata theluthi ya uzito wa shaba. Multimita ya kawaida nayo inasema: waya mmoja wa mita 100 usipite omu 9.38.

6. KARATASI

Niliwaambia mshike jambo moja: ujuzi uliokaa kwenye vichwa. Likasi imeshaona kinachotokea watu wanapoondoka na karatasi inapopotea. Inabaki shaba udongoni isiyo na mwenye kuijua, na kisicho na mwenye kukijua kinakuwa mitraye.

Ombi langu kwenu ni dogo. Wengi mmekuwa wakubwa wa biro, ninyi ndio mnasaini malipo. Mtu akikufungia mtandao, kabla ya kumlipa mwombe vitu vitatu: kipande cha kable ile ile ukwangue mwenyewe, namba juu ya kila prizi inayolingana na namba kwenye paneli, na karatasi ya vipimo ya kila laini. Asiye na karatasi hajamaliza kazi. Na wewe kijana unayefunga, andika hata kama hawakukuomba. Siku utakayoenda Kolwezi au Lubumbashi kutafuta maisha, atakayekuja nyuma yako aweze kusoma.

Tuonane kwenye maoni. Mwenye ramani ya zamani ya simu za mji huu, hata ukurasa mmoja uliobaki kwenye sanduku la mzee, tafadhali asiitupe.