Wageni Walioomba Jembe: Mchungaji James H. Robinson na Safari za Wanafunzi Kuja Afrika

Kila mwaka, kati ya mwezi wa Juni na Agosti, sharika zetu nyingi hupokea makundi ya vijana kutoka ng'ambo. Wao huiita safari ya majira ya joto. Sisi wa mlimani huwapokea katika kipupwe, nao hushangaa kuwakuta wazee wa kanisa wamevaa makoti mazito ilhali wao wamefungasha kaptula. Hukaa wiki tatu, pengine sita. Hupaka rangi madarasa, hufyatua matofali, huimba pamoja nasi ibadani, kisha huenda kutazama wanyama mbugani na kurudi kwao. Jambo hili limekuwa la kawaida mno hata hatuulizi tena lilianzia wapi. Wachache miongoni mwetu wajua kwamba mmoja wa waanzilishi wake alikuwa mchungaji Mmarekani mweusi wa mtaa wa Harlem katika jiji la New York, na kwamba yeye alikusudia jambo lililo tofauti kwa kiasi na haya tunayoyaona. Katika makala hii napenda kuieleza habari yake, kwa sababu naamini yatuhusu sisi wenyeji zaidi ya vile inavyowahusu wageni wetu.

Safari ya kujifunza kwa muda mfupi katika nchi ya kigeni haikuanza na mchungaji huyu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Sherwood Eddy, mtumishi maarufu wa YMCA, alikuwa akiwaongoza Wamarekani, wengi wao walimu na watu wa kanisa, kwenda Ulaya wakati wa likizo ili wakutane na viongozi na kuyaona madhara ya vita kwa macho yao. Mwaka 1923 mchungaji kijana wa Detroit, Reinhold Niebuhr, alikuwa katika msafara wa namna hiyo. Aliiona nchi ya Ruhr ikiwa chini ya majeshi ya Ufaransa, akarudi nyumbani akiwa ameuchukia utukufu wote wa vita. Kila mwanafunzi wetu wa maadili ya Kikristo hulisoma jina la Niebuhr. Ni vema akumbuke kwamba sehemu ya teolojia yake ilizaliwa safarini. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1920, Mswisi Pierre Ceresole alikuwa amewakusanya watu wa mataifa mbalimbali katika kijiji cha Esnes, karibu na Verdun, wajenge upya kilichobomolewa na vita, na Wajerumani walikuwamo. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa kambi za kazi za kimataifa. Basi zilikuwapo njia mbili: moja ya kwenda kuona, na nyingine ya kwenda kushika sepeto.

James Herman Robinson, ambaye baadaye alizikutanisha njia hizo mbili, alizaliwa mwaka 1907 Knoxville, jimbo la Tennessee, katika umaskini na katika nchi iliyowatenga watu weusi kwa sheria. Alichelewa kupata elimu ya juu, akahitimu mwaka 1935 katika chuo cha Lincoln, Pennsylvania. Chuo hiki chatuhusu Waafrika. Nnamdi Azikiwe wa Nigeria alipata shahada yake hapo mwaka 1930, na Kwame Nkrumah alifika hapo mwaka ule ule Robinson alipotoka. Kutoka Lincoln alikwenda Union Theological Seminary, New York, alikomaliza mwaka 1938. Niebuhr alikuwa mwalimu huko wakati huo. Miaka michache kabla yake, katika mwaka wa masomo wa 1930 hadi 1931, Dietrich Bonhoeffer alikuwa amesoma chuoni humo, na siku za Jumapili alishuka Harlem kufundisha watoto katika kanisa la Wabaptisti weusi. Mlutheri wa Ujerumani alitembea kwa miguu umbali mfupi tu, akaona alichokuwa hajakiona Berlin. Sidhani kama wanafunzi wetu wamekwisha kuupima vya kutosha uzito wa matembezi hayo.

Robinson hakurudi juu kilimani. Alibarikiwa kuwa mchungaji wa Wapresbiteri mwaka 1938, akaanzisha Harlem kanisa lililoitwa Church of the Master, na kando yake kituo cha huduma kwa watu wa mtaa. Watoto wa Harlem hawakuwa na mahali pa kuchezea isipokuwa barabarani. Kwa hiyo alitafuta eneo mashambani huko Winchester, jimbo la New Hampshire, akaanzisha kambi za likizo. Wanafunzi wa vyuo, weupe na weusi, walikuja kujitolea kuzijenga na kuwalea watoto. Hapo ndipo alipojifunza jambo ambalo mimi naliona kuwa ufunguo wa habari yote. Kijana wa tabaka la juu aliyefika kambini akidhani anawasaidia watoto maskini aliondoka akiwa yeye ndiye aliyebadilika.

Mwaka 1951 baraza la misioni la kanisa lake lilimtuma katika ziara ndefu ya dunia. Alihutubia wanafunzi Ulaya, Mashariki ya Kati na Asia, naye aliulizwa tena na tena juu ya hali ya watu weusi kwao. Baadaye katika miaka hiyo alifika Afrika. Aliona bara linalokaribia uhuru, na Wamarekani wasiolijua hata kidogo.

Hapa yatupasa kusimama kidogo, kwa sababu safari ya Mmarekani mweusi kuja Afrika haikuwa jambo jepesi. Katika karne ya 19 makanisa ya Marekani yalikuwa yamewatuma wamisionari weusi wengi. Lakini serikali za kikoloni ziliingiwa na hofu, hasa baada ya mwaka 1915, Mchungaji John Chilembwe, aliyesomea teolojia Virginia, alipoongoza maasi huko Nyasaland. Tangu hapo Mmarekani mweusi mwenye Biblia alitazamwa kama mchochezi. Walioruhusiwa walikuwa wachache: Max Yergan alihudumu na YMCA miongoni mwa askari na wapagazi wa Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1924 James Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast aliyekuwa ameishi Marekani miaka mingi, alipita kwetu akiwa katika Tume ya Phelps-Stokes. Jumuiya nyingi za misioni zilikubali hali hiyo pasipo kupiga kelele. Nasema hivi bila chuki, lakini ni lazima lisemwe: kwa muda wa kizazi kizima mlango wa Afrika ulifungwa mbele ya wale ambao babu zao walichukuliwa kutoka humo, na kanisa halikubisha hodi kwa nguvu.

Ndiyo maana mwaka 1958 una maana kubwa. Katika likizo ya mwaka huo Robinson alileta wanafunzi wapatao 60, weupe na weusi, katika nchi tano za Afrika Magharibi: Ghana, Nigeria, Liberia, Sierra Leone na Cameroon. Mpango wenyewe aliuita Operation Crossroads Africa, yaani Afrika iliyo katika njia panda. Ghana ilikuwa imepata uhuru mwezi Machi 1957. Mwezi Septemba mwaka huo huo, watoto weusi tisa wa Little Rock, Arkansas, walizuiwa kuingia katika shule ya weupe, hata wakapelekewa askari wa jeshi la taifa wawalinde. Mwenye kuzifikiri habari hizo mbili kwa pamoja ataelewa ni kitu gani kilichokuwa kikishuka kutoka katika ndege zile. Vijana ambao katika majimbo mengi ya kwao hawakuweza kuketi pamoja katika hoteli moja walikuja kulala chumba kimoja na kula chungu kimoja, mbele ya macho ya Waafrika.

Utaratibu wake ulikuwa mkali. Aliyechaguliwa alipaswa kusoma juu ya Afrika kabla ya kuondoka. Alipaswa kuchangisha sehemu ya gharama yake mwenyewe, kwa hiyo alikwenda kwa jamaa, kwa kanisa lake na kwa shule yake, akieleza kwa nini anasafiri. Walipofika, walifanya kazi ya mikono pamoja na vijana wenyeji: kujenga shule, zahanati, kumbi za kijiji. Neno "pamoja" ndilo moyo wa jambo. Kambi isiyo na vijana wa mahali pale haikuwa kambi. Na waliporudi, walikuwa na deni la kusimama mbele ya watu na kueleza yale waliyoyaona. Kazi ya wiki chache ilikuwa mlango tu. Kazi yenyewe ilikuwa ile ya kusema kweli nyumbani.

Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Julius Nyerere aliitumia methali hiyo katika andiko lake juu ya Ujamaa, mwezi Aprili 1962, akieleza kwamba katika jamii ya asili kila mtu alikuwa mfanyakazi. Aliongeza kwamba yaelekea mgeni mwenyewe aliliomba jembe kabla hajapewa. Miezi miwili baadaye, tarehe 22 Juni 1962, vijana wa Robinson walipokelewa na Rais John Kennedy katika bustani ya ikulu ya Marekani, naye aliwaambia kwamba juhudi yao ndiyo iliyoitangulia Peace Corps, shirika la kujitolea alilolianzisha mwezi Machi 1961. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea watu wa shirika hilo: mwaka 1961 walikuja wapima ardhi, wanajiolojia na wahandisi wa barabara.

Hata hivyo mtoto hakufanana na mzazi katika kila jambo. Peace Corps lilikuwa mkono wa serikali, na mambo ya serikali huenda na hali ya hewa ya siasa. Mwaka 1969 liliondoka Tanzania, likarudi mwaka 1979. Robinson alikuwa miongoni mwa washauri wa shirika hilo, lakini Crossroads aliiacha ibaki mpango wa watu binafsi hadi alipofariki mwaka 1972, nayo iliendelea baada yake. Nadhani alikuwa na busara.

Je, mpango wake haukuwa na upungufu? Ulikuwa nao, na upungufu huo tumeurithi. Mshale ulielekea upande mmoja. Mwezi Septemba 1959 ndege ya kwanza ya Tom Mboya iliwachukua wanafunzi 81 wa Afrika Mashariki kwenda Marekani. Hao walikwenda kwa miaka, kutafuta shahada, na hakuna aliyewaza kuwapeleka kwa wiki nane wajenge ukumbi wa kijiji huko Tennessee. Mwafrika alisafiri ili apate elimu ya kichwa. Mmarekani alisafiri ili aelimike moyo. Sisi tulifanywa shule, lakini hatukuandikishwa kuwa wanafunzi. Bwana alipowatuma wale sabini, katika Luka 10, aliwaagiza wale kinachowekwa mbele yao katika nyumba za watu. Twalihubiri andiko hilo kwa ajili ya wanaotumwa. Ni mara chache twauliza ni nani aliyepata kutumwa, na ni nani aliyebaki daima kuwa mwenye nyumba.

Nina la kuungama katika habari hii. Nilipokuwa mchungaji wa usharika mmoja, kabla sijaitwa kufundisha, tulipokea kundi la wanafunzi 14. Tulichinja ng'ombe, tukatandika vitanda, na Jumapili nilitangaza kwamba vijana wetu wasiwasumbue wageni wakiwa kazini. Kwa wiki tatu wageni walijenga ukuta wa nyumba ya katekista, na vijana wa kwaya walisimama chini ya mgrevilea wakitazama. Baadhi yao walikuwa mafundi uashi. Ukuta ule ulipopinda, mmoja wao aliona siku ile ile, lakini hakusema. Nilipomwuliza baadaye alinijibu kwa adabu, "Baba Mchungaji, ulitukataza." Sikuwa nimesoma bado habari za Robinson. Kama ningekuwa nimezisoma, ningejua kwamba siku ile niliivunja kambi kabla haijaanza, na niliivunja kwa jina la ukarimu.

Mwaka uliofuata tulipanga upya. Vijana wetu 14 na wageni 14, fundi mkuu akiwa wa kwetu, na majembe yakagawanywa siku ya kwanza. Hayakutosha, wakawa wanapokezana. Jioni moja, wakiwa wameketi kunywa chai, msichana wa kwaya alimwuliza kiongozi wa wageni ni lini nao watakwenda kule kufanya kazi kama hiyo. Yule kiongozi alikuwa mtu mwema. Aliinamisha kichwa, akasema kwamba hajapata kulifikiri. Aliporudi kwao aliandika barua ndefu juu ya viza, bima na nauli. Kamati yetu ya vijana iliisoma, ikaandika swali la msichana yule katika kitabu cha kumbukumbu kama ajenda ya kikao kijacho, na katika kila kikao nilichohudhuria hadi nilipohama lilisomwa tena chini ya yatokanayo.