Elimu kwa Wote Tanzania: Kipimo Kiwe Darasa la Pili

Tangu uhuru, kila awamu ya uongozi nchini Tanzania imeeleza maendeleo ya elimu kwa kuhesabu walioingia: watoto walioandikishwa, shule zilizofunguliwa, madarasa yaliyokamilika. Hesabu hizo si za kubeza. Nchi iliyojitawala mwaka 1961 ikiwa na wasomi wa kuhesabika leo ina shule ya msingi karibu katika kila kijiji na ya sekondari karibu katika kila kata. Lakini lengo la Elimu kwa Wote, lililotangazwa Jomtien mwaka 1990, likarudiwa Dakar mwaka 2000 na kuingizwa katika Malengo ya Maendeleo Endelevu mwaka 2015, halikuwa kumfikisha mtoto mlangoni tu. Lilikuwa ajifunze. Makala haya yanadai kwamba tumekuwa tukijipima mahali pasipostahili, na kwamba kipimo cha haki kinapaswa kuwekwa mwishoni mwa darasa la pili, pale ambapo mtoto ama anajua kusoma ama hajui.

Tuanze na Musoma. Mpango wa awali ulikuwa kila mtoto awe shuleni ifikapo mwaka 1989. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU iliyokutana Musoma ikapunguza miaka kumi na miwili na kuagiza lengo litimie Novemba 1977. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo, hivyo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa kazi huku wakiifanya, kwa masomo ya posta na vipindi vya redio. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 karibu watoto wote wa rika la shule ya msingi walikuwa wameandikishwa, na kampeni ya elimu ya watu wazima ilikuwa imeiweka Tanzania miongoni mwa nchi za Afrika zenye wasomaji wengi. Halafu uchumi ukayumba. Bei ya mafuta, Vita vya Kagera, kushuka kwa bei za mazao na masharti ya wakopeshaji vikaibana hazina; ada ikarudi, uandikishaji ukaporomoka. Mitaani "mwalimu wa UPE", kifupisho cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, likageuka jina la kejeli. Hiyo ni dhuluma kubwa, kwa sababu vijana wale walibeba mzigo ambao taifa zima liliuagiza bila kuulipia.

Mambo yale yale yakajirudia. Ada ilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, kuanza mwaka 2002, wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka milioni 4.4 hivi mwaka 2000 hadi karibu milioni 8 mwaka 2006. Zikafuata shule za kata. Shule za sekondari, zilizokuwa takriban 1,700 mwaka 2005, zilizidi 4,000 mwaka 2009. Wanafunzi wake wakaongezeka kutoka laki tano na ushee hadi karibu milioni moja na nusu. Wazazi walichangia mawe, mchanga na fedha taslimu, na kwa maelfu ya familia mtoto wa kwanza wa ukoo kuvaa sare ya sekondari alitokea katika shule hizo. Walimu wake wakaandaliwa kwa mafunzo mafupi, nayo mitaa ikawaita "voda fasta". Waliojiunga na kidato cha kwanza mwaka 2009 ndio waliofanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2012. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, watahiniwa sita kati ya kumi walikuwa wamepata sifuri. Nchi ilishtuka, tume ya Waziri Mkuu ikaundwa, viwango vikapangwa upya na matokeo yakatangazwa tena.

Kilichonisikitisha wakati ule ni jinsi mjadala ulivyobaki kidato cha nne. Zililaumiwa maabara, simu za mkononi, nidhamu, hata Baraza la Mitihani lenyewe. Ilhali mwaka mmoja tu kabla, Serikali ilikuwa imekiri kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Tafiti za shirika la Uwezo nazo zilikuwa zikionyesha mwaka hadi mwaka kuwa watoto wengi wa darasa la tatu hawamudu jaribio la darasa la pili. Na upimaji wa stadi za kusoma wa mwaka 2013 ulionyesha kuwa chini ya mwanafunzi mmoja kati ya kumi wa darasa la pili aliweza kusoma kwa ufahamu uliotarajiwa. Sifuri za 2012 zilipandwa mwaka 2002 na 2003, katika madarasa ambayo hakuna tume iliyoundwa kuyachunguza.

Ingia katika darasa la kwanza la shule ya pembezoni mwa jiji au ya kijiji chenye shule moja. Kiwango cha Serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Mbele yake wapo mia na zaidi, wengine wameketi sakafuni, daftari juu ya mapaja. Kipindi kina dakika thelathini. Akigawa sawasawa, kila mtoto anapata sekunde kumi na nane. Hawezi kugawa, basi anafanya linalowezekana: anaandika "ba be bi bo bu" ubaoni, anaelekeza kwa fimbo, darasa zima linaitikia kwa sauti moja. Anayejua na asiyejua wanasikika sawa. Daftari nazo zinasubiri: akitumia nusu dakika kusahihisha kila moja, daftari mia zinamla karibu saa nzima, na kipindi kinachofuata ni chake pia. Baada ya miezi michache mtoto amekariri ukurasa wa kitabu na anausoma kwa kutazama picha. Zibeni picha, mwambieni aanze sentensi ya katikati, ndipo ukweli unajitokeza. Mwalimu anajua jambo hili kuliko mkaguzi yeyote, ila hana muda wa kumrudia kila mmoja, na mwisho wa mwaka karibu watoto wote wanapanda darasa.

Ongeza kwamba kwa watoto wengi wa Simiyu, Ngorongoro au Karagwe, Kiswahili chenyewe hakikuwa lugha ya nyumbani. Ongeza pia desturi ambayo kila mwalimu mkuu anaielewa: walimu hodari hupangiwa darasa la saba, kwa kuwa shule na mwalimu mkuu wake hupimwa kwa matokeo ya darasa la saba. Makambi, mitihani ya majaribio na michango ya uji vinaelekezwa huko huko. Darasa la kwanza linaachiwa anayekaribia kustaafu au anayejitolea akisubiri ajira.

Serikali haikukaa kimya. Mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu wa mwaka 2015 uliyaondolea madarasa ya kwanza na ya pili mrundikano wa masomo, na walimu wake wakapewa mafunzo kazini. Kwa maoni yangu hayo ndiyo mageuzi bora ya elimu yaliyofanyika katika karne hii. Bahati mbaya, kabla hayajakomaa ukaja Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 na elimu bila malipo kuanzia Januari 2016. Sina ugomvi na uamuzi huo. Ada na michango iliwafungia nje watoto wa maskini. Ila walioandikishwa darasa la kwanza waliongezeka kwa mwaka mmoja kutoka milioni 1.5 hivi hadi zaidi ya milioni 2, na katika kipindi hicho hicho ajira zikasimama kupisha uhakiki wa watumishi, kisha mwaka 2017 karibu watumishi 10,000, walimu wakiwamo, wakaondolewa kwa vyeti vya kughushi. Kizazi hicho kilipofika darasa la saba mwaka 2022, walioandikishwa kufanya mtihani walikuwa chini ya milioni 1.4. Tofauti hiyo si utoro mtupu, maana wapo waliokariri madarasa ya chini na kuhesabiwa mara mbili, na wapo waliochelewa. Hata tukiwatoa hao, pengo linabaki kubwa mno kwa taifa linalosema kila mtoto yumo.

Kwa nini basi taarifa za kila mwaka zinasomeka vizuri? Kwa sababu ufaulu unahesabiwa kwa namna inayoficha. Mwaka 2023 ufaulu wa jumla wa kidato cha nne ulikaribia asilimia 90, na humo ndani wamo wote wa daraja la nne. Katika Hisabati waliofaulu walikuwa karibu robo tu ya watahiniwa. Asilimia hizo mbili haziwezi kueleza nchi moja isipokuwa tukubali kuwa neno ufaulu limelegezwa. Baraza la Mitihani lilifanya vema kuacha kutangaza orodha ya shule bora. Orodha ile iliwapamba waliokwisha kuchujwa.

Suala la lugha nitaligusa kwa ufupi, ingawa linastahili makala yake. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kiswahili kifundishie sekondari; haikusikilizwa. Sera ya mwaka 2014 ilifungua mlango, toleo lake la 2023 likabakiza Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza. Watafiti wa lugha ya kufundishia kama Martha Qorro na Casmir Rubagumya wameonyesha kwa miongo kadhaa kuwa mwanafunzi wa sekondari ananyamaza darasani kwa kukosa maneno, si akili. Aliyejifunza kusoma vizuri kwa Kiswahili anapotezewa mtaji wake kidato cha kwanza. Asiyejifunza hana hata cha kupotezewa. Nje ya suala la lugha, kwa wasichana imepigwa hatua ya kweli: Waraka wa Novemba 2021 uliwarudishia waliojifungua haki ya kuendelea na masomo katika mfumo rasmi, haki ambayo haikupaswa kuondolewa. Watoto wenye ulemavu bado wanahesabiwa zaidi kuliko wanavyofundishwa.

Wapo watakaosema kwamba bila madarasa hakuna kusoma, na kwamba vyumba 15,000 vilivyojengwa kwa fedha za UVIKO mwaka 2021 ni jibu la msongamano. Vimesaidia, hasa vile 3,000 vya vituo shikizi vilivyowapunguzia watoto wadogo mwendo. Lakini vyumba 12,000 kati ya hivyo vilikwenda sekondari, na chumba bila mwalimu hakipunguzi watoto mbele ya ubao mmoja. Ukilipanua jengo kwa juu huku msingi una nyufa, unaongeza uzito tu.

Haraka ya jambo hili inatokana na kalenda. Chini ya mfumo mpya ulioanza Januari 2024, elimu ya msingi ni miaka sita. Walioanza darasa la tatu mwaka huo watamaliza la sita mwaka 2027, na waliokuwa la nne watamaliza la saba mwaka huo huo. Januari 2028 mikondo miwili ya taifa itaingia kidato cha kwanza kwa pamoja, na elimu ya lazima itakuwa miaka kumi. Tayari nasikia hesabu za madarasa na maabara zikipigwa. Ni sahihi kuzipiga, lakini naiomba Wizara, TAMISEMI na kila halmashauri zifanye mambo mawili sambamba. Kila mwaka zitangaze hadharani, shule kwa shule, ni watoto wangapi wanamaliza darasa la pili wakisoma kwa ufahamu, kwa uzito ule ule wa matokeo ya darasa la saba. Na ajira mpya za walimu zianzie darasa la kwanza na la pili, hadi pasiwe na mwalimu wa madarasa hayo anayekabili watoto zaidi ya 45.