Nadharia ya Uhakiki na Chuo Kikuu: Fundisho la Frankfurt, 1923–1969

Utangulizi

Katika idara zetu za lugha, neno uhakiki limezoeleka kwa maana ya kazi ya kupima maandishi ya fasihi: riwaya, tamthilia na ushairi. Lakini neno hilo hilo ndilo tulitumialo tunapotaja mkondo mmoja wa falsafa ya jamii uliochipuka Ujerumani baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, yaani nadharia ya uhakiki. Mwanafunzi anayekutana nayo chuoni kwa mara ya kwanza huipokea kama orodha ya majina na vitabu. Ni nadra aelezwe kwamba nadharia hiyo ina historia ya kufundishwa, na pia ya kufichwa. Makala haya yanakusudia kuifuata historia hiyo toka mwaka 1923 hadi 1969, na kuonyesha kwamba ugomvi uliozuka mwishoni baina ya walimu na wanafunzi haukuwa ajali. Kwa sehemu kubwa, ulikuwa tunda la jambo walilolifanya walimu wenyewe miaka mingi kabla.

Kuasisiwa kwa Taasisi

Taasisi ya Utafiti wa Jamii iliundwa Frankfurt mwaka 1923, na jengo lake likafunguliwa mwaka uliofuata. Fedha zake zilitoka kwa Hermann Weil, tajiri aliyechuma mali yake katika biashara ya nafaka huko Argentina, naye alishawishiwa na mwanawe, Felix. Hapa pana kinaya: faida ya mfanyabiashara ndiyo iliyogharimia uchunguzi wa ubepari. Hata hivyo, fedha hizo ziliipa Taasisi uhuru wa namna yake. Ilifungamana na chuo kikuu, lakini haikuishi kwa ruzuku yake.

Mkurugenzi wa kwanza, Carl Grünberg, alishughulika zaidi na historia ya harakati za wafanyakazi. Mageuzi yalikuja pale Max Horkheimer alipoushika uongozi mwaka 1930, huku akipewa kiti cha uprofesa wa falsafa ya jamii. Katika hotuba yake ya kuingia kazini, Januari 1931, alitetea wazo kwamba falsafa haiwezi kuieleza jamii ikiwa peke yake, na kwamba wanafalsafa, wanauchumi, wanahistoria na wanasaikolojia hawana budi kufanya kazi bega kwa bega. Mwaka 1937, katika makala yake juu ya nadharia ya kimapokeo na nadharia ya uhakiki, alilitia wazo hilo makali. Nadharia ya kimapokeo humwona mtaalamu kama mtu asimamaye nje ya kile anachokichunguza. Nadharia ya uhakiki humtaka ajiulize yeye mwenyewe amewekwa wapi na jamii hiyo, na elimu yake inamtumikia nani. Swali hilo ndilo kiini cha somo zima. Anayelisoma somo hili bila ya kujiuliza swali hilo amejifunza majina tu.

Uhamishoni

Makala hayo hayakuandikwa Frankfurt. Wanazi walikuwa wameifunga Taasisi mwaka 1933, na Horkheimer, kama walimu wengine wengi wa asili ya Kiyahudi, alifukuzwa kazi. Taasisi ilihamia Geneva kwa muda, kisha mwaka 1934 ikapokewa na Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Walter Benjamin hakufika huko. Chuo Kikuu cha Frankfurt kilikuwa kimekwisha kumfungia mlango mwaka 1925, aliposhauriwa kuiondoa tasnifu ambayo ingempa idhini ya kufundisha. Mwaka 1940 alijiua Portbou, mpakani mwa Hispania, alipokuwa akiwakimbia Wanazi.

Kwa wasomi wa lugha, jambo la kuzingatia katika kipindi hiki ni msamiati. Horkheimer na Theodor Adorno waliandika pamoja huko California kitabu chao juu ya upembuzi wa Uelimishaji, na mwaka 1944 wakakitoa kwa nakala chache za kurudufu. Kilipochapishwa Amsterdam mwaka 1947, istilahi nyingi za Kimaksi zilikuwa zimelainishwa. Pale paliposemwa wazi habari za ubepari na unyonyaji pakawekwa maneno mapana yasiyomtia mtu mashakani. Wageni katika nchi iliyouogopa ukomunisti walikuwa na sababu ya kujihadhari. Lakini neno likibadilishwa ili lisimuudhi mtu, nadharia nayo huanza kujificha nyuma ya lugha yake.

Sanduku la Chini ya Jengo

Taasisi ilifunguliwa upya Frankfurt mwaka 1951, na Horkheimer akawa Mkuu wa Chuo Kikuu tangu mwaka huo hadi 1953. Aliyefukuzwa alirudi kuwa kiongozi. Taasisi ilipokea kazi za utafiti hata kutoka kwa kampuni kubwa ya chuma, Mannesmann. Jürgen Habermas, aliyejiunga nayo mwaka 1956 akiwa msaidizi wa Adorno, alisimulia baadaye kwamba matoleo ya jarida la Taasisi la miaka ya 1930 yalikuwa yamewekwa katika sanduku lililopigiliwa misumari, chini ya jengo, mbali na mikono ya wanafunzi. Horkheimer hakutaka maandishi yake ya ujanani yasomwe bila ya tahadhari.

Wanafunzi hawakungoja sanduku lifunguliwe. Katika miaka ya 1960 walizichapa nakala za wizi za maandishi hayo na kuyasambaza. Waliyasoma kwa kujificha, na kwa hiyo waliyasoma bila ya walimu wao, ambao wangaliweza kuwaambia ni lipi waliloliona kuwa kosa, ni lipi walilolishikilia bado, na kwa sababu gani. Makala ya zamani ya Horkheimer yalitolewa tena kwa idhini yake mwaka 1968, ambapo maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Tarehe 31 Januari 1969 kundi la wanafunzi liliingia katika jengo la Taasisi na kukataa kutoka. Aliyewaongoza alikuwa Hans-Jürgen Krahl, mwanafunzi wa Adorno mwenyewe. Adorno aliita polisi, na watu 76 wakakamatwa. Aprili mwaka huo mhadhara wake ulivurugwa, akatoka ukumbini. Herbert Marcuse, mwenzake wa zamani aliyebaki Marekani, alimwandikia kumlaumu kwa kuwaita polisi. Adorno akamjibu kwamba wajibu wake ulikuwa kuilinda Taasisi. Tarehe 6 Agosti 1969 alifariki dunia nchini Uswisi.

Haifai kutoa hukumu nyepesi. Adorno aliamini kwamba kufikiri ni kazi kamili, na kwamba kitendo kisichofikiriwa huweza kuzaa udhalimu mpya. Katika hilo hakukosea, na wanafunzi waliomzomea hawakumjibu kwa hoja. Lakini nadharia iliyowafundisha kuuliza elimu inamtumikia nani haikuweza kuwakataza kuiuliza Taasisi yenyewe swali hilo. Jibu lilipotolewa na polisi, somo lilikuwa limekatika.

Hitimisho

Yako pia mambo ambayo hata sanduku lile halikuwa nayo. Edward Said, katika kitabu chake cha 1993 juu ya utamaduni na ubeberu, aliwalaumu wanafalsafa wa Frankfurt kwa kunyamazia ubeberu na upinzani dhidi yake katika nchi zilizotawaliwa. Lawama hiyo ni ya haki, na mwalimu anayelifundisha somo hili Afrika hana ruhusa ya kuiruka. Wala hahitaji kuwaomba radhi waasisi, kwani kanuni waliyoiweka wao ndiyo imtakayo aitoe.

Turejee kwenye neno tulilolianza. Kritik ya Wajerumani imetokana na kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kutenganisha na kuamua. Uhakiki wetu umetokana na mzizi wa Kiarabu uliotupa pia haki na hakika. Tafsiri hii, iwe ilikusudiwa au la, imeongeza jambo ambalo historia ya Frankfurt inalithibitisha: haitoshi mhakiki kuamua, sharti hakika aijuayo asiwafiche wale wenye haki ya kuijua, na wa kwanza kati yao ni wanafunzi wake.