Dawa za Awali za Ukimwi na Mvutano wa Tiba Mbadala: Ushahidi wa Dar es Salaam

Tangu miaka ya 1980 pamekuwa na mvutano kati ya waliotegemea dawa za hospitali kupambana na ukimwi na waliotafuta nafuu kwenye miti shamba, vitamini, maombi na dawa zilizotangazwa kabla ya kuthibitishwa. Mara nyingi mvutano huo umeelezwa kama ugomvi wa Uafrika na Uzungu, au wa asili na kiwanda. Historia inaonyesha jambo jingine. Ziko dawa za viwandani zilizoshindwa, na viko virutubisho vya kawaida vilivyosaidia. Kilichotenganisha kinachofaa na kisichofaa ni kupimwa kwa haki kwa wagonjwa, na baadhi ya vipimo muhimu zaidi vilifanyika Dar es Salaam.

Miaka bila dawa

Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa Tanzania walionekana mkoani Kagera mwaka 1983. Kufikia 1986 mikoa yote ya Bara ilikuwa imeripoti ugonjwa huo. Hospitali ziliweza kutibu magonjwa nyemelezi kama kifua kikuu, kuhara na fangasi za mdomoni, lakini kirusi chenyewe hakikuwa na dawa. Mgonjwa alirudishwa nyumbani, akauguzwa na mama, dada au mke. Asasi za kwanza zilizaliwa katika hali hiyo. WAMATA ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1989, na mwaka 1992 ikaanza PASADA, huduma ya Jimbo Kuu Katoliki iliyoota mizizi Temeke.

Katika mazingira hayo, kumfuata mganga hakukuwa dalili ya ujinga. Mganga alipatikana, alimsikiliza mgonjwa, na alikuwa na kitu cha kumpa. Anayewalaumu watu wa miaka hiyo bila kukumbuka kwamba rafu za dawa zilikuwa tupu anawakosea marehemu na waliowauguza.

AZT: matumaini na kasoro zake

Dawa ya kwanza ya kupambana na virusi vya ukimwi (VVU), AZT, iliidhinishwa Marekani Machi 1987. Ilikuwa imetengenezwa mwaka 1964 kwa ajili ya saratani, ikawekwa kando iliposhindwa. Katika jaribio lililofungua njia ya kibali hicho, wagonjwa 19 waliopewa kidonge kisicho na dawa walifariki, ilhali aliyefariki kati ya waliomeza AZT alikuwa 1 tu. Jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake ili wote wapewe dawa.

Hata hivyo, wakosoaji wa AZT walikuwa na hoja. Dozi za mwanzo zilikuwa kubwa mno na zilisababisha upungufu mkubwa wa damu. Bei yake, takribani dola 8,000 kwa mwaka, iliiweka mbali kabisa na Mtanzania wa kawaida. Kisha mwaka 1993 utafiti wa Concorde, uliofanywa Ulaya kwa watu 1,749 wenye VVU ambao hawakuwa na dalili, ulionyesha kwamba kuanza AZT mapema hakukurefusha maisha kuliko kusubiri. Sababu ilikuja kufahamika: kirusi hujibadili haraka na kuizoea dawa inayotumika peke yake. Mwaka 1996 ilithibitika kuwa dawa tatu zikitumika kwa pamoja hukidhibiti kirusi kwa muda mrefu, na vifo vikashuka kwa kasi katika nchi zilizomudu gharama.

Walioikataa AZT walilitambua tatizo lakini wakatoa hukumu isiyo sahihi. Udhaifu wa dawa moja haukumaanisha kwamba kirusi hakihusiki na ukimwi, wala kwamba kila dawa ni sumu. Tiba ikaboreshwa kwa sababu majaribio yaliweka kasoro hizo wazi.

Dawa zilizotangulia ushahidi

Kati ya hofu na bei kubwa, palizuka dawa zilizotangazwa kwa shangwe. Mwaka 1990 Rais Daniel arap Moi wa Kenya aliizindua Kemron, dawa ya taasisi ya utafiti KEMRI yenye kiasi kidogo cha intaferoni ya kuyeyusha mdomoni. Ilisifiwa kuwa heshima ya Afrika nzima. Ilipopimwa Uganda kwa wagonjwa 559, nusu wakipewa dawa na nusu kidonge kisicho na dawa, haikuonekana faida yoyote.

Dawa nyingine, Virodene ya Afrika Kusini, ilifika hadi Dar es Salaam. Kiini chake kilikuwa kemikali ya viwandani inayotumika kuyeyushia vitu vingine. Baada ya mamlaka ya dawa ya nchi hiyo kuzuia isijaribiwe kwa binadamu, waliokuwa wakiitengeneza walileta majaribio Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, yakiwamo ya Hospitali ya Jeshi ya Lugalo jijini humo. Haikuwahi kuthibitishwa kuwa tiba. Mkasa huo unafundisha kwamba mgonjwa wa nchi maskini anahitaji ulinzi uleule wa kimaadili anaopewa mgonjwa wa nchi tajiri, hata pale dawa inapobebwa na Waafrika wenzake.

Utafiti wa vitamini wa Dar es Salaam

Mwaka 1995 Chuo Kikuu Kishiriki cha Sayansi za Tiba Muhimbili, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Harvard, kilianza utafiti kwa wanawake wajawazito 1,078 wenye VVU jijini. Baadhi walipewa vitamini za kundi B pamoja na C na E, baadhi vitamini A, wengine mchanganyiko wa zote, na wengine kidonge kisicho na virutubisho. Wakati huo karibu wote hawakuwa na njia ya kupata dawa za kupunguza makali ya VVU (ARV).

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalistahili heshima. Kati ya waliopata vitamini B, C na E, takribani 25 katika kila 100 walifikia hatua ya mwisho ya ugonjwa au kufariki. Kwa wasiopata vitamini ilikuwa takribani 31 katika kila 100. Kidonge cha bei nafuu kiliwapa akina mama muda zaidi. Vitamini A, ambayo wengi waliitarajia, haikuwa na faida hiyo, na ilionekana kuongeza maambukizi kwa watoto.

Ushahidi huu ulipotoshwa upesi. Mfanyabiashara wa vitamini kutoka Ujerumani, Matthias Rath, aliutumia katika matangazo yake kuwaambia Waafrika Kusini kwamba vitamini zinaweza kuchukua nafasi ya ARV. Watafiti wa Harvard walimkana hadharani, na mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Cape Town ikaamuru matangazo na majaribio yake yakome. Mwaka huohuo watafiti walikadiria kwamba ucheleweshaji wa ARV nchini humo, chini ya serikali iliyosifia vitunguu saumu na viazisukari vyekundu, uligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000.

Dar es Salaam iliendelea kuuliza. Kuanzia 2006 wagonjwa 3,418 waliokuwa wakianza ARV waligawanywa: wengine walipewa dozi kubwa ya vitamini, wengine dozi ya kawaida. Dozi kubwa haikupunguza vifo wala kuzuia ugonjwa kuendelea, na vipimo vikaonyesha dalili za ini kuathirika. Utafiti ukasitishwa mapema mwaka 2009. Hivyo vitamini zilezile zilizosaidia pasipokuwa na dawa hazikuleta nyongeza zilipomiminwa kwa wingi juu ya dawa, na zilipowekwa mahali pa dawa watu walipoteza uhai.

Waganga, hospitali na Loliondo

Tiba asili nayo ina historia yenye sura mbili. Mkoani Tanga, waganga wa jadi na wahudumu wa Hospitali ya Bombo walishirikiana tangu mwanzo wa miaka ya 1990 kupitia kikundi cha TAWG, wakitumia mitishamba kutuliza magonjwa nyemelezi na kuwatembelea wagonjwa majumbani. Mwaka 2002 Bunge lilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, iliyoweka msingi wa kuwasajili waganga.

Sura ya pili ilionekana mwaka 2011 Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, maarufu kama Babu, aligawa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500, akisema kinatibu ukimwi, kisukari na maradhi mengine. Magari yalipanga foleni kwa kilomita nyingi, na wapo waliofia njiani. Hata kama dawa haina sumu, hilo haliifanyi kuwa tiba, na walioacha ARV baada ya kunywa kikombe walikipa kirusi nafasi ya kurudi.

Hali ya sasa

Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilishusha bei ya dawa tatu hadi dola 350 kwa mwaka, na mwishoni mwa 2004 Tanzania ikaanza kutoa ARV bure. Tangu 2016 kila anayekutwa na VVU huanzishiwa dawa bila kusubiri kinga kushuka. Shirika la afya la MDH lilitokana na ushirikiano wa Muhimbili, Jiji la Dar es Salaam na Harvard katika kutoa huduma hizo.

Bado dawa zinazodaiwa kuongeza kinga zinauzwa. Anayetaka kuzitumia aanze kwa kumwambia mhudumu wake wa kituo cha tiba na matunzo (CTC), kwa kuwa hata kitu cha jikoni kina nguvu: vidonge vya kitunguu saumu vilipojaribiwa pamoja na ARV iitwayo saquinavir, viliipunguza damuni kwa karibu nusu. Amuulize muuzaji pia dawa yake ilipimwa kwa nani, ikilinganishwa na nini, na waliofariki walihesabiwa na nani. Wanawake 1,078 wa Dar es Salaam walikubali maswali hayo yaulizwe juu ya miili yao, na hakuna muuzaji wa dawa anayestahili kuulizwa machache zaidi.