Konseye wa masomo ni nani? Historia ya mtu wa siku mbili

Swali la leo linatoka kwa wazazi waliokimbia vita. Mtoto anarudi nyumbani na kusema: leo nimeitwa na konseye. Mzazi anashtuka. Konseye ni nani? Ni mganga? Mtoto ameiba? Ama watu wa shule wanafikiri ana wazimu? Nimeahidi kujibu, lakini inabidi turudi nyuma kidogo, kwa sababu mtu huyu hakuletwa katika masomo ya Katanga ili kusikiliza watoto. Aliletwa ili kuwachagua.

Tuanze miaka ya 1950, wakati Kalemie ilikuwa bado inaitwa Albertville. Kule Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, kampuni ya madini ya Union Minière ilikuwa na kambi zake za wafanyakazi, hospitali zake na shule zake. Ilikuwa pia na wanasaikolojia, Wazungu, wenye majaribio yasiyohitaji kusoma wala kuandika. Kampuni ilitaka kujua nani anafaa kufundishwa ufundi na nani atabaki kibarua. Kama mtoto alilala na njaa au baba yake alikufa mgodini, hilo halikuwa na mahali kwenye karatasi yao.

Kati ya wanasaikolojia waliopita Kongo miaka ile kulikuwa na mmoja ambaye kazi yake inatufaa mpaka leo. Ni Mfaransa André Ombredane. Alipima Waasalampasu wa Kasai kwa jaribio la michoro ambamo kipande kimoja kimekosekana, na anayepimwa anatafuta kipande kinachofaa kati ya vingine. Ombredane na wenzake hawakupima mara moja na kuondoka. Walirudia jaribio lile lile kwa watu wale wale, na mwaka 1956 wakaandika walichokiona: alama zilipanda kadiri watu walivyozoea kazi. Maana yake mtu aliyeshindwa siku ya kwanza hakukosa akili. Hakuwa amewahi kuona mchezo wa namna ile. Ninaomba kila mwalimu wa Kalemie anayepokea mtoto mgeni kutoka Nyunzu au Manono akumbuke jambo hilo kabla ya kumrudisha madarasa mawili nyuma siku ile ile ya kwanza.

Ombredane alifanya kitu kingine pia. Aliwaonyesha watu picha zilizochorwa wahusika Waafrika na kuwaomba wasimulie hadithi ya kile wanachokiona. Picha hizo zilijulikana kama Congo TAT. Alikuwa anatafuta "fikra za Mweusi", kama walivyosema wakati ule, na hilo halinipendezi. Hata hivyo, njia yenyewe ya kumpa mtu picha na kumwacha aseme tutaikuta tena mbele, katika mikono mingine.

Uhuru ulipofika, shule zilibadilishwa. Mwaka 1961 miaka miwili ya kwanza ya sekondari ilifanywa kuwa mzunguko wa kuelekeza, ile CO ambayo wazee wetu wanaikumbuka. Baada ya hapo mwanafunzi alichagua seksyo: pedagojia, sayansi, biashara, ufundi, ushonaji. Hapo ndipo konseye wa kuelekeza alipopata kiti chake shuleni. Alitunza faili ya kila mwanafunzi, akapima, akazungumza na wazazi, akatoa shauri. Mpaka leo mtihani wa mwisho wa mwaka wa 8 unaitwa TENASOSP, na ukifungua herufi hizo utakuta neno la kuchagua linatangulia neno la kuelekeza. Tabia ya zamani haikuondoka hata kwenye jina.

Watu wa kazi hiyo walipatikana wapi? Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja, na masomo ya saikolojia na elimu yakawekwa Kisangani. Kijana wa Kalemie aliyetaka kuwa konseye alipanda treni mpaka Kabalo, akaendelea Kongolo na Kindu, akateremka na boti mpaka Ubundu, kisha treni tena mpaka Kisangani. Wachache walikwenda. Waliorudi ni wachache zaidi, maana aliyepata diploma ile aliweza kutafuta kazi Kinshasa au Lubumbashi. Ndiyo sababu shule nyingi za huku kwetu zilizoea kumpa kiti cha konseye mwalimu yeyote aliyepatikana.

Halafu pesa ya Zaire ikaanguka. Miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu haukutosha hata unga, na wazazi wakaanza kulipa ile inayoitwa prime ili shule zisifungwe. Shule inapoishi kwa pesa ya wazazi, anayelipwa kwanza ni mwalimu wa hesabu na wa Kifaransa. Konseye akawa nusu mtu: asubuhi anafundisha saikolojia katika seksyo ya pedagojia, mchana anasaidia kuandika bulletini, na katikati, akipata nafasi, anaitwa konseye. Sehemu nyingine mtu mmoja aligawanywa kati ya shule mbili au tatu. Simlaumu. Hakuna anayefanya kazi ya siku sita kwa pesa ya siku mbili.

Na hiyo ndiyo miaka ambayo watoto walianza kuhitaji msaada kuliko wakati wowote. Mwaka 1996 vita ilipoanza, familia nyingi zilivuka ziwa kwenda Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa upande wa Tanzania. Mwaka 1998 ikaja vita nyingine. Tarehe 5 Desemba 2005 ardhi ilitetemeka hapa kwetu, nyumba zikaanguka, watu wakafa. Kisha mwaka 2016 ugomvi wa Watwa na Wabantu uliwaka upya katika teritwari za Nyunzu, Manono, Kabalo na Kalemie yenyewe. Mwaka 2017 wahami katika jimbo letu walipita nusu milioni, na mwezi wa Oktoba Umoja wa Mataifa uliiweka Tanganyika, pamoja na Kasai na Kivu Kusini, kwenye ngazi ya juu kabisa ya dharura. Shule zilichomwa vijijini. Mjini Kalemie familia zililala ndani ya madarasa. Mtoto alilala usiku kwenye sakafu ile ile ambayo mwingine alikaa asubuhi kujifunza.

Hapo kazi iligeuka. Konseye aliyefundishwa kupima akili na kuelekeza seksyo alijikuta mbele ya mtoto aliyekuwa anaandika vizuri huko kwao, na sasa haandiki hata jina. Mtoto anayeruka mlango ukigongwa. Msichana anayelala darasani kwa sababu usiku anaogopa kufunga macho. Kijana anayepiga wenzake kwa kitu kidogo. Vipimo vya Élisabethville havina jibu kwa hao. UNICEF na mashirika yaliyofanya nayo kazi walifungua mahali pa watoto kuchezea katika kambi za wahami, na huko ile njia ya picha ilirudi, safari hii bila kupima mtu. Mtoto anapewa karatasi na rangi. Anachora anachotaka. Akitaka kusema juu yake anasema, asipotaka anaachwa.

Hapa ninataka wazazi wanisikilize vizuri. Muongozo ambao mashirika ya kimataifa yaliandika pamoja mwaka 2007 kuhusu afya ya akili wakati wa dharura unasema jambo ambalo bibi zetu wangelikubali: watu wengi walioona mabaya hawahitaji mtaalamu. Wanahitaji usalama, chakula, kazi ya kila siku yenye saa zake, na watu wao karibu. Kwa mtoto, kurudi shuleni peke yake ni sehemu ya dawa. Wachache ndio wanahitaji mtu aliyefundishwa, kwa sababu wiki na miezi inapita na bado hawali, hawalali, au wanasema wanataka kufa. Kazi kubwa ya konseye wa siku mbili ni kuwatambua hao wachache, na kuwafundisha walimu wengine kuwatambua siku ambazo yeye hayupo. Mwalimu ndiye anayemwona mtoto kila siku. Mwalimu akijua kwamba usingizi wa darasani si uvivu, na kwamba fimbo inaongeza hofu, konseye ameshafanya nusu ya kazi yake.

Kwa hiyo mtoto wako akiitwa, hajashtakiwa. Hana wazimu. Anayoyasema mle ndani hayapaswi kutangazwa darasani, wala katika kambi, wala kwa jirani. Ikiwa mtoto yuko hatarini, konseye atalazimika kumwambia mtu anayeweza kumlinda, na mtoto anapaswa kuelezwa hivyo mapema. Wewe mzazi una haki ya kuuliza: kwa nini ameitwa, atamwona mara ngapi, na mimi nifanye nini nyumbani. Kama mtoto hajui vizuri Kifaransa, omba wazungumze Kiswahili, Kiluba, au lugha yoyote anayoota nayo.

Kinachoniudhi ni hiki. Kila mara msaada huo ulipoongezeka hapa Kalemie, ulikuja na mradi, na mradi una tarehe ya kuisha. Mtoto anamzoea mtu kwa miezi mitatu, anaanza kufungua mdomo, halafu gari halirudi. Aliyebaki ni yule konseye wa shule, na saa zake chache, na mlango ambao siku nyingine umefungwa kwa kufuli. Mwaka 2025, baada ya Bukavu kuanguka mwezi wa Februari, boti zilishusha hapa familia kutoka Kivu Kusini. Watoto wao wamekaa sasa kwenye benchi moja na watoto wa Nyunzu ambao nao hawajarudi kwao.

Ukienda kuandikisha mtoto, baada ya kuuliza bei ya sare na madaftari, muulize direkta au prefe swali moja zaidi: konseye anakuja siku gani, na siku ambazo hayupo mtoto amwendee nani? Aandike jina hilo kwenye karatasi, mrudi nayo nyumbani.